Shujaa Asiyepiga Hodi

Kaka mkubwa wa mume wangu jina lake silitaji. Si kwamba namwogopa, ashindwe! Kwetu, kaka mkubwa wa mume ni sawa na baba mkwe. Humwiti kwa jina, humtazami machoni, huli mbele yake na yeye hali mbele yako. Mukikutana njiani, wewe ndiye unayempisha, unainamisha kichwa mpaka apite. Mimi nilimpisha njia miaka yote ya ndoa yangu. Kwa hiyo humu atakuwa shemeji mkubwa tu, na wanaomjua wanamjua.

Tulikaa Salamabila, mimi na mume wangu. Wengine walikwenda kule kuchimba dhahabu, yeye alikwenda kufungua sale ya michezo, ukumbi wa kuchezea michezo ya video. Kuta za udongo, ekrani moja kubwa ya televisheni, plaki za jua za umeme juu ya bati. Wachimbaji walitoka shimoni na tope mpaka kwenye kope, wakaja kuketi kwenye mabenchi yetu na kupigana kwenye ekrani mpaka roho zao zitulie. Mimi nilikuwa nyuma ya sale napika wali na maharage. Wateja wakipungua, mume wangu ananiita, ananipa manete, kile kidude cha kuchezea chenye vifungo. "Shika, mama. Usikiogope, hakiumi." Nikashika. Baada ya muda wachimbaji wenye mikono kama majembe walikuwa wanaona haya kupigwa na mwanamke anayenuka moshi wa jikoni, na mume wangu anacheka mpaka anashika ukuta.

Kisha tumbo likamshika, na hakupona. Sitaki kuongeza neno hapo.

Shemeji mkubwa alifika na pikipiki kutoka Kasongo. Alilia, nikubali, alilia kwa sauti kuliko sisi sote. Lakini kilio hakijavunjwa, mimi bado niko chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nywele wazi, nikamwona anaingia nyumbani mwangu na vijana wawili wa kubeba. Hakupiga hodi. Nyumba ya mwanamke aliyefiwa, mutu anaingia kama anaingia chooni kwake! Wakatoa ekrani. Wakatoa plaki za jua, godoro, masufuria, hata kamba ya kuanikia nguo. Mashine ya mchezo aliigeuza mara moja, akaitupa pembeni: "Hii ni dekoda tu, abonema imeisha, haijalipiwa." Ndiyo maana nilibaki nayo. Ujinga wake ndio urithi wangu.

Hayo yote, sawa. Mali ya marehemu watu wanaigombania kila mahali, nilikuwa nimeshasikia. Lakini akarudi ndani tena, na safari hii akatoka na kinu changu.

Kinu! Hata kichaa wa sokoni anajua kwamba kinu ni cha mwanamke. Unatoka nacho kwa baba yako siku ya ndoa, na ndoa ikifa unaondoka nacho kichwani, hakuna ukoo wa kukuuliza. Changu alikichonga baba yangu mwenyewe kwa shoka dogo, mti mgumu mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Mwaka ule wa mwisho kilianza kupasuka chini, mume wangu akakitia kiraka cha mbao, akakigonga na kukipaka lami mpaka maji hayapiti. Alikisifu kiraka kile kwa kila mteja. "Njooni muone fundi!" Sasa shemeji mkubwa anakiburuta uani, kinachora mstari kwenye vumbi, na mimi nimeinamisha kichwa. Adabu. Wanawake wananitazama waone kama nitafungua kinywa. Sikufungua.

Nikarudi Kasongo na mfuko mmoja na ile dekoda yake. Nikapanga chumba karibu na soko. Kasongo ni kwa mpunga, na mpunga haujikoboi wenyewe, lazima utwange. Mwanamke asiye na kinu anaazima, na mwanamke wa kuazima hana saa yake. Unasubiri jirani amalize, unasubiri kuku wake wadonoe, ndipo na wewe unasogea na ungo wako kama mgeni wa kila siku.

Na kuazima si kutwanga tu. Iko jambo lingine. Kwetu mutu akikukosea na huruhusiwi kumwambia, awe mkwe, awe mke mwenza, awe nani, unakwenda kwenye kinu chako na unaimba. Unatwanga na kuimba. Humtaji, unasema juu ya mbuzi, juu ya mvua, juu ya mwizi wa kuku wa kijiji cha mbali, na yeye akipita anajisikia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Sheria yake ni moja tu: anayejibu ndiye. Ukijibu wimbo wa kinu, umejishitaki mwenyewe mbele ya watu. Ndiyo maana wenye akili wakisikia mchi unalia na mama anaimba, wanapita wanatazama mawingu.

Lakini huimbi kwenye kinu cha mwenzako, maana fumbo linahesabiwa la mwenye kinu. Jirani yangu aliniambia wazi, hakuzunguka: "Dada, twanga, lakini kinywa funga. Sitaki mukwe yako aseme ni mimi." Haki yake. Basi nikatwanga kimya, hasira inanipanda kwenye mabega. Shemeji mkubwa alikuwa na meza ya vitenge upande wa pili wa soko, nilikuwa namwona kila siku, kofia nyekundu kichwani, mikono nyuma, anakohoa kwanza kabla ya kusema, kama waziri. Nilijua kinu changu kiko kwake. Niliwaza mke wake anakitwangia. Usiku wa moyo wangu ulikuwa huo. Sikutaka ekrani wala godoro. Nilitaka kinu changu kirudi, na yeye ajulikane.

Sasa, pembeni ya soko iko sale ya michezo, mwenyewe ni mama mnene mwenye maneno, mjane kama mimi, na watani wake hawamalizi siku bila kulia kwa kicheko. Nilimpelekea ile mashine. Akaitazama, akanitazama. "Na weye unajua kucheza?" Nikamwonyesha. Aka! Aliita mpaka wauza mafuta waje kuona.

Kwake iko desturi. Mchezo mpya hauingii kwa wateja kabla haujaonjwa, kama pombe ya mnazi: aliyeileta anakunywa kwanza mbele ya wageni, ndipo wengine wanapokea kikombe. Mwonjaji anaketi mbele ya ekrani Jumapili baada ya misa, manete mkononi, mikro mdomoni, anacheza na kusema ukweli wote, uzuri na ubaya. Bafle, ile spika kubwa, inawekwa mlangoni inatazama soko, ili hata asiye na nafasi asikie. Akanifanya mwonjaji. Na mimi sibembelezi mchezo. Uko mmoja wa mpira niliusema vibaya mpaka mfanyabiashara aliyeuleta akaacha kunisalimu.

Halafu ukaja huu ninaousimulia. Aliuleta mutu mwingine wa vitenge, wa kutoka Bukavu, mchezo wa dunia nzima iliyofunguliwa. Hakuna ukuta wa kukuzuia, hakuna njia moja ya kufuata. Unaona mlima kule mbali, unataka, unakwenda. Iko ngome, iko farasi, iko wachawi wa kwenye matope, iko joka lenye mabawa linalolala juu ya mnara. Tuliujaribu mimi na mwenye sale, mchana, milango imefungwa. Sidanganyi, niliupenda. Ulikuwa na mto wenye ukungu, nilisimamisha farasi nikautazama tu, nikakumbuka Lualaba asubuhi watu wanasubiri mtumbwi. Upanga ulikuwa mzito mkononi, unausikia. Mvua ikinyesha, shujaa anateleza. Mtengenezaji wake alikuwa fundi, nampa heshima yake.

Nikafika kijiji cha kwanza. Nikasukuma mlango, ukafunguka. Ndani yuko bibi anasuka mkeka, na vyungu vimepangwa ukutani. Nikabonyeza kifungo, shujaa wangu akapiga chungu, kikapasuka, kikatoka kipande cha dhahabu. Yule bibi akainua macho, akasema maneno ya kizungu ambayo mwenye sale alinifasiria: karibu msafiri, njia ni ya hatari. Nikapasua cha pili. Karibu msafiri. Nikapasua vyote, nikaruka juu ya kitanda chake, nikachukua mkate mezani. Karibu msafiri, njia ni ya hatari.

Nikaweka manete chini.

"Vipi, imekwama?" akauliza mwenye sale.

"Hapana, dada. Nimekumbuka kitu."

Mchezo ule, ukiuanza, unakuruhusu kuumba shujaa wako. Unamchagulia uso, tumbo, mwendo, nguo. Mimi nilikuwa nimeumba kijana mzuri wa kuolewa naye. Nikamfuta. Nikaanza upya, taratibu, ulimi nje kama mutoto anayejifunza kuandika. Paji la uso pana. Masikio yaliyosimama. Ndevu chache za kidevuni, nikazitia mvi. Tumbo, nikavuta, nikavuta tena. Fundi wa mchezo aliniwekea hata kope, nikashusha moja ya kushoto kidogo, vile ilivyo. Kofia nilitafuta sana, mwishoni nikaipata, nyekundu. Mwenye sale alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Alipoona mikono imewekwa nyuma, alikaa chini kwenye benchi, chai ikamwagika.

"Weye mwanamke! Utaniletea kesi!"

"Kesi gani? Ni mutu wa mchezo."

Jumapili sale ikajaa, wengine kwenye madirisha. Nikashika mikro. Nikaanza vizuri, kama inavyotakiwa: ukubwa wa dunia, farasi, mvua, upanga. Nikasifu nilichopaswa kusifu. Kisha nikasema, "Sasa ndugu zangu, niwaonyeshe shujaa," nikamtoa.

Kwanza waliokaa mbele wakakodoa macho. Halafu kicheko kikaanzia nyuma, kwa wauza samaki, kikaja mbele kama maji yamevunja kingo.

"Tulieni! Huyu ni mutu mukubwa, mutu wa heshima. Tumfuate tuone kazi yake." Nikamtembeza, mikono nyuma, tumbo mbele, mpaka mlangoni kwa bibi. "Anapiga hodi?"

"Hapigi!"

"Anafanya nini?"

"Anaingia!"

Chungu cha kwanza. Chungu cha pili. "Anatafuta nini kwa maskini huyu?"

"Dhahabu!"

"Na bibi anasema nini?"

"Karibu msafiri!" sale nzima, na huko nje pia, wanaosikia bafle.

Nilisema juu ya vyungu tu. Naomba ukumbuke hilo. Kinu sikukitaja hata kwa pembeni.

Kisha nikampeleka kwa joka. Sikumpa ngao. Joka likashuka kwenye mnara, likamshika kwa tumbo, likamla, kofia ikabaki. Lo! Vifijo mpaka bati likatetemeka. Mchezo unakurudisha ukifa, nikamrudisha, nikauliza watu, "Aliwe au aanguke?" Wakataka aanguke. Nikamtupa kutoka juu ya jabali. Wakataka matope, nikamzamisha kwenye matope, polepole, mvi za kidevu zikazama za mwisho. Nitasema kweli: nilisikia raha. Miezi yote ile ya kutwanga kimya ilikuwa inatoka kupitia manete. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Sasa auonje na yeye.

Nikatoa hukumu yangu. "Mchezo ni mzuri, chezeni. Lakini uko na kosa moja, na ni kubwa. Watu wake hawakumbuki. Unavunja chungu cha mama wa watu, na kesho anakukaribisha. Huo ni uongo wa fundi. Mwenye kovu usidhani amepona."

Pale mlangoni nikasikia kikohozi.

Watu wakampisha. Akaingia, kofia nyekundu, mikono nyuma, na watu wanatazama ekrani, wanamtazama yeye, wanatazama ekrani. Na mimi, mwili huu mpumbavu, nikainamisha kichwa! Mazoea. Manete iko mkononi, mikro iko mdomoni, kichwa chini.

Angekuwa na akili angeuliza bei ya kucheza, acheke na watu, aende zake. Fumbo lingebaki hewani, na mimi ningebaki na hasira yangu.

"Zima kitu hii," akasema.

"Baba, karibu," mwenye sale akamjibu, sauti ya asali. "Kuna shida?"

"Munanitukana mbele ya soko yote!"

"Nani amekutukana, baba? Jina lako limetajwa?"

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia. Na hapo akapasuka.

"Kinu kile kilikuwa na kiraka! Kiraka mupya! Mutu anakaa Salamabila, kwenye dhahabu, anaziba kinu chini na lami, nyinyi mungefikiria nini? Hata nyinyi mungepasua! Nilipasua, ndiyo, na nilikuta mbao tupu! Sasa mutanifanya muchawi kwa sababu ya mbao?"

Mikro ilikuwa bado wazi mkononi mwangu. Soko zima lilimsikia.

Kisha mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, akauliza kutoka dirishani, taratibu kabisa, "Kinu? Nani amesema kinu?"

Basi. Sale ikavunjika. Watu walicheka wanapigana mabegani, wanaimba "anayejibu ndiye, anayejibu ndiye," mwenye sale anafuta machozi na kitenge. Mimi peke yangu sikucheka. Mimi sikujua kwamba amekipasua! Siku zote zile niliona kinu changu kimesimama uani kwake, na nilikuwa nimeshachagua hata kona ya kukiweka chumbani kwangu. Baba yangu amekufa, hachongi kingine. Mume wangu amekufa. Nilikuwa nimeshinda mbele ya Kasongo yote, na kinu hakipo.

Kichwa bado chini, nikamuuliza, "Baba, vipande viko wapi?"

Akasema viko jikoni kwake. Mke wake alikataa kuvichoma, alisema hachomi kinu cha mwanamke mwenzake. Mungu ambariki mama yule.

Wazee wa ukoo walikuja kwangu na maneno yao laini: atakununulia kingine, atatuma mutu na baiskeli alete vile vipande ukitaka. Nikasema hapana. Aliyekitoa ndiye atakirudisha. Mwenyewe. Kichwani. Mchana. Wakasema mwanamume habebi kinu kichwani. Nikasema basi aendelee kutembea sokoni na watu wamwimbie. Kila alipopita, hata wauza samaki walikuwa wanamwambia, "Karibu msafiri."

Akavibeba. Siku ya soko, kitambaa kimezungushwa kichwani kama mama anayetoka mtoni, kofia mfukoni, akapita katikati ya meza zote mpaka mlangoni kwangu.

"Hodi."

Nilikuwa ndani, nimekaa kitandani. Nikanyamaza.

"Hodi hapa."

Nikanyamaza, majirani watoke. Wakatoka.

"Hodi jamani."

"Karibu, baba."

Akavitua uani. Nilivigusa kimoja kimoja. Alama za shoka la baba yangu zilikuwepo. Na kile kiraka kilikuwa bado kimeshika kwenye kipande cha chini, shoka la mwizi lilipasua kinu chote lakini kiraka cha mume wangu hakikutoka. Nilikata kipande hicho, nikakifunga kwenye kitambaa, ninacho mpaka leo. Vilivyobaki nikavitia motoni. Shemeji mkubwa akataka kuaga.

"Aka, baba. Mgeni haondoki na njaa." Majirani wote walikuwa wanatazama, angekataaje? Akakaa.

Nikapika wali, mpunga nilioutwanga kwa kuazima, kwa kuni za kinu kile. Nikampakulia sahani imejaa. Adabu inasema hapo niondoke, nizunguke nyuma ya nyumba mpaka amalize. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, nikainua kichwa, nikamtazama machoni. Kope ya kushoto niliiumba sawasawa kabisa. Alikula. Alikuwa anameza kama mutu anayemeza mawe.

"Kuni ngumu zinawaka vizuri," nikamwambia. "Wali umeiva, siyo?"

Akasogeza sahani pembeni. Nilimmiminia maji ya kunawa, na maji yakiwa bado yanateremka mikononi mwake, nikamwita kwa jina lake. Lile alilopewa na mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mutu ambaye huna undugu naye. Akasimama na mikono inadondoka maji, akaondoka bila kuvaa kofia.

Kinu kipya sikununua. Jirani yangu sasa ananiruhusu kuimba kwenye chake. Na tukikutana sokoni, shemeji mkubwa na mimi, mimi naendelea katikati ya njia. Yeye ndiye anayenipisha.